Kile Kilichofunga Tumbo ya Waseme

Juma iliyopita mujukuu yangu Neema alifika kwangu na kitoto ya mbwa mu kikapu, ameifunika na kikwembe, nguo yake ya kujifunga, kama mutoto wa mutu. Akaketi kwa mulango, akaanza kuuliza simu yake: mbwa ikikosa kunya, unaipa nini? Simu ikamujibu. Akanisomea: boga ya kupika bila chumvi, mafuta kidogo, maji mingi, kisha uitembeze. Nikacheka, nikamwambia, "Kumbe simu naye iko na tate yake, bibi wa kuifundisha."

Akaendelea kusoma: angalia kama haikukula mifupa. Pale nikaacha kucheka. Neema akainua macho. "Tate, kuna nini?" Nikamwambia hakuna kitu, leta mawese tuipashe moto. Lakini neno ile ya mifupa ilikuwa imenirudisha mu miaka ya vita, hapa hapa Bunia, kwenye kiwanja hii hii ambako kitoto ya mbwa ya Neema ilikuwa inalala. Ketisha roho, rafiki yangu, nikuelezee. Nitaanzia mbali kidogo.

Miye nilikomalia kwa tate yangu, mama ya mama, upande wa pori, kwa barabara ya kwenda Epulu. Bwana yake alikuwa muwindaji. Kama hujaona mbwa za kule, siyo kama hizi za mujini. Ni ndogo, nyekundu, masikio yamesimama, mukia imejikunja juu ya mugongo. Na hazibweki. Zinaweza kulia, zinaweza hata kuimba kama mutu anayeota ndoto, lakini kubweka hapana. Ndio maana wawindaji wanazivalisha shingoni kengele ya muti, ya kuchonga. Mbwa ikikimbia mu majani unasikia kok-kok-kok, unajua iko wapi. Na kama muwindaji anataka ifike kimya, anajaza majani ndani ya kengele, inakufa sauti.

Asubuhi ya kule ilikuwa na harufu ya moshi na ndizi ya kuchoma. Umande ilikuwa inalowanisha miguu mpaka magoti. Kazi yangu ilikuwa kuchota maji na kukata majani makubwa ya kufungia chakula, na nikichelewa, tate alikuwa anapiga mutwangio kwenye kinu bila kitu ndani, ili nisikie hasira yake mpaka mutoni. Wanaume wakirudi na nyama, watu wanakula nyama, mbwa zinakula mifupa. Na mifupa, wee, mifupa inakaa mu tumbo ya mbwa kama udongo ya kujengea. Kesho yake utaona moja mu migomba, mugongo imepinda, inasukuma, inasukuma, hakuna kitu.

Tate alikuwa ananiita: "Weye, shika kichwa!" Basi ninaketi chini, nashika kichwa ya mbwa kwenye mapaja, naisemesha. Yeye anapasha mawese. Siyo moto sana: anaangusha tone ndani ya kiganja, anasema, "Moto ya machozi, basi." Anainywesha kijiko. Halafu boga iliyopondwa, kama boga iko. Tumbo ikikataa, anakata shina ya jani ya paipai, ile iko na tundu katikati, anaichonga isiwe na kona, anaipaka mafuta, anaiingiza nyuma polepole, kisha anajaza maji ya vuguvugu mu mudomo wake na kupuliza. Watoto wote tunakufa na kicheko. Yeye hacheki. Anasugua tumbo kutoka mbavu kwenda chini, harudishi mukono juu, kisha anaitembeza. Alikuwa anasema, "Tumbo ni mulango. Ukiupiga teke, unavunjika. Ukiubembeleza, unafunguka."

Na kitu ikitoka, alikuwa anaipasua na kijiti, anaangalia. Manyoya ya panya. Ngozi ya nyama ya jirani. "Mbwa haielezi safari yake na mudomo," alikuwa anasema, na siku moja kwa ile njia alikamata bibi mwenzake aliyesema kuku ya tate imekimbia yenyewe, kumbe mifupa yake mbwa ilikulia kwa yule bibi.

Nilipoolewa na Zakaria, baba ya binti yetu Safi, tukahamia Bunia. Watu wa tate wa kule pori wakatupatia mbwa ya namna ile. Kwetu jina ya mbwa ni ya masikio ya majirani. Mutu akikusema vibaya, humujibu. Unaita mbwa yako. Wakati ule jirani yetu wa ngambo ya lupango, ile ua ya matete, Mama Dorika, alikuwa anapitisha maneno kwamba Zakaria ameoa mutu wa kuzaa mabinti tu. Yeye alikuwa na kijana, Jado, na alikuwa anajivuna. Basi Zakaria akaita mbwa Waseme. Kila jioni anasimama karibu na matete, anaita kwa nguvu: "Waseme! Waseme! Kuja ukule!" Mama Dorika naye alikuwa anajibu kwa kupiga sufuria. Ilikuwa ugomvi ya kupendeza, nakuambia. Jado mwenyewe alikuwa anapita kwenye tundu ya lupango kucheza na kengele ya mbwa, na mama yake anajifanya haoni.

Kisha vita ikaingia mu kartiye, mutaa yetu.

Mengine unajua. Kukimbia na godoro kichwani, kurudi, kukuta milango imeng'olewa, kukimbia tena. Jado alienda kuchota maji ku kijito, asubuhi nzuri kabisa, na hatukumuona tena, wala yeye, wala bidoni yake, ile dumu ya maji. Watu walikuwa wanalala kwenye njia bila muzishi. Na mbwa za mujini, zenye njaa, zilijifunza kitu ambayo mbwa haipaswi kujifunza. Sitasema zaidi. Mutu mumoja asiye na roho akaenda kumwambia Mama Dorika, "Usitafute kijana yako, uliza mbwa." Tangu siku ile hakupiga tena sufuria. Alikuwa anaketi tu nyuma ya matete, anaangalia.

Shefu ya avenyu yetu, mukubwa wa barabara ile, Muzee Lobo, akatoa amri mbwa zote ziuawe. Vijana wakapita na marungu na mikuki, kiwanja kwa kiwanja. Kwetu hawakukuta kitu, maana Zakaria alikuwa amekwenda na Waseme ku shamba kutafuta muhogo. Watoto walikuwa wanalia njaa, na kulikuwa kimya kidogo, akasema, "Naenda na kurudi." Kabla ya jua kupanda, masasi ya bunduki ikalia upande ule ule. Ililia mpaka jioni. Siku ikapita, na nyingine, na nyingine. Hakurudi.

Nilikuwa nachagua maharagi mbele ya mulango, asubuhi, wakati nikaona majani ya lupango inatikisika. Waseme akaingia kwenye tundu yake. Sikusikia kengele. Alikuwa mwembamba mbavu zote nje, lakini tumbo yake imevimba, ngumu kama ngoma. Hakuja kwangu. Akaenda kwenye kona, akapinda mugongo, akasukuma. Hakuna kitu. Akasukuma tena, akaanza kulia ile kilio yao ya kuimba.

Nikainua macho. Mama Dorika alikuwa amesimama juu ya kiti ngambo ile, anaangalia tumbo ya mbwa.

"Iko na mifupa ndani," akasema, polepole. Kisha akapiga kelele ambayo avenyu yote ilisikia: "Iko na mutu ndani!"

Wakafika haraka, vijana mbele, Muzee Lobo nyuma na fimbo yake. Nilikuwa nimeketi chini, nimezunguka Waseme na mikono.

"Mama Safi, ondoka pale," Muzee Lobo akasema. "Acha vijana wafanye kazi."

"Muzee, hii mbwa ni ya Zakaria."

"Na Zakaria iko wapi?" kijana mumoja akauliza. "Muulize mbwa. Labda amekubebea bwana yako mu tumbo."

Hakuna aliyecheka. Yule kijana mwenyewe akaangalia chini.

"Tutaipasua," Muzee Lobo akasema. "Kila mutu aone, iishe."

Rafiki yangu, roho yangu ilikuwa inavutwa pande mbili. Kama wanapasua na kukuta kile nilikuwa naogopa, nitaishi namna gani? Na kama hawakuti kitu ya mutu, mbwa imekwisha kufa, na yeye ndiye kiumbe pekee aliyejua bwana yangu aliachwa wapi. Mbwa ya kuwinda inarudi kwa mwenye wake hata kama njia imefungwa. Hiyo nilijua tangu utoto. Nikasema:

"Muzee, ukimuua huyu, nitauliza nani njia? Weye utaniongoza?"

Akachora chini na fimbo yake.

"Nitamufungua tumbo bila kisu. Mbele yenu wote. Kama inatoka kitu ya mutu, miye mwenyewe nitashika kamba, mutapiga."

Muzee Lobo akaangalia watu, akavuta kinu yangu, akaigeuza, akaketi juu. "Fanya," akasema. "Lakini jua ikifika kichwani, vijana watafanya kazi yao."

Mawese ilikuwa imebaki chini ya chupa, kidogo tu ya kupikia. Nikaipasha yote. Nikaangusha tone ndani ya kiganja, nikangoja mpaka ikawa moto ya machozi, nikaimimina pembeni ya meno yake, kidogo kidogo, asipaliwe. Boga hakukuwa. Paipai yetu ilikuwa imekatwa kuni na watu waliolala mu nyumba yetu wakati tulikimbia. Nilikuwa nazunguka na macho, natafuta kitu yoyote yenye tundu, wakati Mama Dorika akatoka kwake. Mukononi alikuwa ameshika pwari, ile kipira nyekundu tunayotilia watoto maji nyuma wakifunga choo. Kila mama wa hapa iko nayo, au alikuwa nayo mbele ya kuibiwa.

"Shika," akasema. "Ni ya Jado, tangu utoto yake." Kisha akanikazia macho. "Usifikiri nakusaidia. Nataka kuona."

"Basi shika kichwa," nikamwambia.

Akaketi. Yeye aliyesema mbwa imekula mutoto wake, akaweka kichwa ya mbwa kwenye mapaja yake. Nikaona vidole vyake vinakataa, kisha vinakubali.

Nikatia maji ya vuguvugu, nimeyeyusha ndani kipande kidogo ya sabuni, kama kucha. Mara ya kwanza maji ikarudi yenyewe, safi. Watu wakaguna. Nikatia tena. Nikasugua tumbo kutoka mbavu kwenda chini, chini, chini tu. Ndani nilikuwa nasikia vitu inakwaruzana chini ya kiganja changu, na kila mara nilijiuliza, hii ni nini? Hii ni nani?

"Musukume kwa nguvu, itoke!" kijana akasema.

"Sukuma mama yako," Mama Dorika akamujibu, bila kugeuka. "Ikipasuka ndani tutaona nini?"

Masasi ikalia mbali, upande wa mashamba. Kila mutu akainua kichwa. Hakuna mutu aliyeondoka. Nikamusimamisha Waseme, nikamuzungusha kiwanja polepole, Mama Dorika mbele na kamba, miye nyuma, na avenyu yote imesimama inaangalia kitako ya mbwa kama watu wanaongoja askofu. Leo naweza kucheka. Siku ile jasho ilikuwa inaingia mu macho yangu. Kivuli ya nyumba ilikuwa imekwisha kuwa ndogo kabisa wakati mugongo yake ikapinda. Akasukuma. Akaimba. Na ikaanza kutoka, ngumu, nyeupe kama chokaa, kipande kwa kipande, na kisha nyingine kwa wingi.

Waseme akalala chini, akahema. Mama Dorika akaacha kamba. Tukapiga magoti, yeye upande huu, miye upande ule, na kijiti na kikopo ya maji. Hakuna aliyekuja karibu. Yeye alikuwa anatafuta Jado, miye nilikuwa natafuta Zakaria, na kila mumoja alikuwa anaomba Mungu asipate. Ningeona kifungo ya shati, kipande ya kitambaa, nilikuwa tayari kuanguka. Mama Dorika alikuwa ameziba mudomo na kikwembe. Vipande vya mifupa ilikuwa mingi, na macho yangu ilikataa kusema ni ya nini.

Muzee Lobo akatoka juu ya kinu. Alikomalia na ngombe, tangu baba yake. Akainama, akachukua kipande kikubwa na vidole vyake, akaigeuza kwenye jua.

"Hii ni goti ya ndama," akasema. "Na hii, na hii. Yote ni ngombe."

Watu wakapumua. Mama Dorika akatoa kikwembe kwenye mudomo. Lakini miye nilikuwa bado naangalia kile kipande mukononi mwa Muzee. Upande mumoja ilikuwa nyeusi. Nikaisugua na maji. Haikutoka.

"Muzee, hii imechomwa."

"Imechomwa, ndiyo."

"Mbwa haichomi nyama."

Yule kijana wa kwanza akasema, "Labda ilipita kwenye moto ya watu wenye bunduki, ikaokota." Na alisema kweli, ingeweza kuwa. Ndipo nikakumbuka kengele. Nikamuita Waseme, nikaingiza kidole, nikavuta majani iliyosindiliwa ndani. Ilikuwa bado kijani. Ilikuwa bado inanuka. Zakaria alikuwa amepotea siku nyingi, na majani ilikuwa ya asubuhi ile.

"Mutu amejaza hii leo," nikasema. "Mutu anayejua kengele."

Mama Dorika akaninyang'anya majani, akaiweka kwenye pua. "Jado anajua hii kengele," akasema. "Jado alikuwa anacheza nayo." Na akaniangalia, na nikaona kwamba sasa tulikuwa tunagombea tumaini moja.

Tukamunywesha Waseme maji, tukangoja apate nguvu na jua ipungue. Vijana wawili wakakubali kutufuata na mikuki yao. Yule wa maneno mengi ndiye aliyesimama wa kwanza. Waseme akapita lupango, hakuangalia nyuma. Tukapita kijito, tukapita mashamba yenye muhogo imeng'olewa, tukaingia kwenye nyasi ndefu. Kila ndege ikiruka tunalala chini. Mama Dorika alikuwa anakwenda mbele yangu, na nilipoongeza mwendo, naye aliongeza.

Kulikuwa na kiraro, zizi ya ngombe, wenyewe wamekimbia. Ndama mumoja alikuwa amelala pale, amekatwakatwa. Nyuma yake nyumba ndogo ya nyasi. Waseme akaingia. Tukasikia sauti ya mutu mwanaume, imekauka, inagomba:

"Nilikufukuza na mawe, na umerudi? Na juu ya nini unanuka mawese?"

Ilikuwa Zakaria.

Miye nilianguka mulangoni, sikumbuki vizuri. Sasi ya bunduki ilikuwa imepita mu shavu ya mguu wake, mguu imevimba kama mugomba. Alikuwa anachoma vipande vya ndama mu shimo, anafunika na udongo moshi isionekane. Nyama anakula yeye, mifupa anatupia mbwa, na mbwa imekataa kumuacha, mpaka asubuhi ile alipojaza majani mu kengele yake ipite kimya, na kumufukuza arudi nyumbani.

Nilipoinua kichwa, Mama Dorika alikuwa ametupita. Aliangalia nyuma ya mulango. Aliangalia kwenye kona, akainua nyasi za kulalia. Akatoka, nikamusikia anazunguka nyumba, anazunguka kiraro. Kisha akarudi, akasimama.

"Hakukuwa mutu mwingine?" akauliza.

Zakaria akaniangalia, kisha akamuangalia yeye. "Hapana, Mama Dorika. Nilikuwa peke yangu."

"Hakukupita kijana? Na bidoni?"

"Nilisikia watu wanakimbia. Sikuona sura."

Akafunga kikwembe yake vizuri, akainama, akaweka mukono ya Zakaria juu ya bega yake. "Simama basi," akasema. "Muzito hivi, na unasema ulikuwa na njaa." Miye nikachukua upande wa pili, na tukamuleta nyumbani, siye wawili.

Zakaria alikaa na miye miaka mingi bado, anachechemea. Waseme alizeeka, akalala siku moja juani na hakuamuka, na tangu pale sijaona tena mbwa ya namna ile hapa mujini, wala kusikia kengele ya muti. Lupango za matete nazo zimekwisha. Watu wamejenga matofali marefu, jirani akikohoa hujui ni nani.

Lakini kitu ninayotaka kukuambia ni hii. Mama Dorika, mara kwa mara, alikuwa anavuka kwetu jioni, anaketi kwenye kinu iliyogeuzwa, anamuuliza Zakaria: "Pale ulipolala, hakukupita kijana na bidoni?" Na Zakaria hakumwambia hata siku moja, nimekwisha kukujibu. Alikuwa anamuelezea upya, tangu mwanzo, kila sauti aliyosikia, upande gani, jua ikiwa wapi. Anaelezea polepole, na mama wa watu anasikiliza, kisha anasema aksanti, anarudi kwake. Zakaria alipokufa, alingoja matanga iishe, kisha akaja, akaketi, akaniuliza miye. Nikamujibu na maneno ya bwana yangu, moja kwa moja, sikuacha kitu. Kuna siku nilikuwa nachoka. Kuna siku nilimusikia anakuja nikajifanya niko jikoni.

Sasa yeye naye tumemuzika. Jioni nikiketi pale mbele, maneno yote ya Zakaria iko bado kichwani kwangu, tayari, moja nyuma ya ingine, na hakuna mutu wa kuuliza.